Kukagua saketi ya 3D kwa macho kabla ya simulesheni: KLayout, KiCad, AppCSXCAD au ParaView?

Kuna usiku mzima ulinipotea kwa koili moja ya spirali kwenye chipu, mizunguko mitatu tu, metali ya juu kabisa, na ile njia ya kutokea katikati inapita chini kwenye leya inayofuata. Niliiwekea simulesheni jioni nikalala, asubuhi nafungua grafu naona toka poti 1 kwenda poti 2 (poti ni pale mawimbi yanapoingilia na kutokea) hakipiti kitu zaidi ya kile kidogo kinachoruka kama kapasita. Kumbe via za pale katikati, vile viunganishi vya metali kati ya leya na leya, hazipo. Kwenye mchoro zipo, kwenye faili ya GDS inayobeba mchoro wa chipu zipo, ila kwenye modeli iliyoingia kwenye solva, ile programu inayokokotoa, hazipo, maana namba ya leya yake sikuiweka kwenye faili ya mpangilio wa leya. Ningeizungusha ile kitu kwa 3D dakika mbili tu kabla ya kubonyeza ningeona metali mbili zinaelea bila kitu katikati.

Toka hapo siendeshi simulesheni ya sumakuumeme bila kuangalia kwanza. Sasa programu za kuangalia ziko nyingi na hazionyeshi kitu kimoja, ndo nataka tuziweke ubavu kwa ubavu hapa. Niseme mapema nimeegemea wapi: kigezo changu sio picha ipi inapendeza, ni picha ipi iko karibu na kile solva itakachokokotoa. Kati ya mchoro wako na solva kuna hatua kadhaa, kuna mchoro wenyewe, kuna faili inayosafirishwa, kuna modeli yenye kimo na aina za material, alafu kuna meshi, ule wavu wa seli ndogo ndogo ambao hesabu inafanyika juu yake, na kila hatua kuna kitu kinaweza kudondoka njiani, kwa hiyo ukiangalia picha ya hatua ya kwanza umekagua hatua ya kwanza tu, zile nyingine bado hujazigusa.

Chipu: KLayout ya 2.5D na GDS3D

Cha kuelewa kwanza ni kwamba faili ya GDSII haina kimo. Ni fomati ya tangu miaka ya 1970, inabeba poligoni bapa, kila poligoni ina namba ya leya na namba ya aina ya data, basi. Unene wa metali na kimo inapoanzia vyote vinatoka kwenye maandishi unayoyaandika mwenyewe pembeni. Kwa hiyo picha ya 3D ya GDS ni kweli kwa kiasi kilekile ambacho maandishi yako ni ya kweli.

KLayout, programu ya kuchora na kutazama chipu, ina mwonekano wa 2.5D ndani yake, unaandika skripti fupi, mstari mmoja kwa kila leya, leya hii inaanzia kimo hiki na unene wake huu, alafu inainua zile poligoni na kukuonyesha. Kizuri ni kwamba skripti yake inakubali pia kujumlisha na kutoa leya, kwa hiyo kama metali yako halisi inapatikana kwa kutoa leya moja kwenye nyingine unaweza kuiandika hivyohivyo. GDS3D ilitoka chuo kikuu cha Twente kule Uholanzi, nayo inasoma faili ya maandishi inayoeleza mchakato, na kazi yake ni hiyo moja tu, unapaa ndani ya chipu kama unaendesha ndege, na unaweza kuwasha neti moja, yaani metali yote iliyoungana pamoja, ionekane peke yake. Kwa kutembea ndani ya muundo mkubwa mi naipenda zaidi GDS3D, lakini kwa kazi ya kila siku nabaki na KLayout, sababu ni ndogo ila ina uzito: nikiona kosa nalirekebisha palepale kwenye dirisha lilelile.

Kosa ambalo hizi mbili zinalikamata vizuri kuliko zote ni lile la namba za leya. Chukua mfano wa SKY130, mchakato ambao SkyWater na Google waliufungua mwaka 2020. Pale metali ya kwanza ni 68/20, na via inayoipeleka juu kwenye metali ya pili ni 68/44. Namba ya leya ni ileile 68, kinachotofautisha ni ile ya pili. Mtu akiandika 68 peke yake akasahau aina ya data, metali na via vinaweza kugeuka kitu kimoja chenye unene mmoja, na ukiiangalia kutoka juu kwa 2D huoni kasoro yoyote maana rangi zipo na maumbo yapo. Ukiiinamisha kidogo tu unaona via zimezama ndani ya metali na juu yake pako wazi. Hiyo jicho halikosei.

Lakini kuna vitu jicho haliwezi kabisa na hapa watu wengi wanajidanganya. Chipu ya upana wa milimita 1 ukiijaza kwenye skrini ya pikseli 1920, kila pikseli inabeba kama mikroni 0.52. Ufa wa nanomita 10 kati ya via na metali, labda kwa sababu uliandika kimo cha mikroni 0.62 badala ya 0.63, ni kama moja ya hamsini ya pikseli. Zungusha unavyotaka, hutauona. Na ufa huohuo kwa solva ni jambo kubwa sana: solva ya elementi, inayogawa modeli vipande vipande, itajaza pale vipande vidogo vidogo mpaka kumbukumbu iishe, na ile ya hatua za muda kama openEMS, ikiwa mistari ya meshi imekaa kwenye kingo zote mbili za ule ufa, hatua yake ya muda inashuka mpaka kama sekunde 3.3 × 10⁻¹⁷, yaani ili ufike nanosekunde moja tu unahitaji hatua kama milioni 30. Linganisha na seli ndogo kabisa ya mikroni 100, pale hatua ni kama 3,000 kwa nanosekunde hiyohiyo.

Kwa makosa ya aina hiyo usitumie macho peke yake. Kwenye vimo, fanya hesabu: kimo cha chini cha leya kujumlisha unene wake lazima kiwe sawasawa na kimo cha chini cha inayofuata, soma namba moja moja. Kwenye muunganiko, KLayout ina kifaa cha kufuata neti, unakliki shaba moja na kila kilichoungana nayo kinawaka, sasa kama umekliki poti 1 na upande wa poti 2 haujawaka umeshapata jibu lako bila hata kufungua 3D. Ila kumbuka kinafuata miunganiko ya leya uliyokielekeza we mwenyewe, hakijui lolote kuhusu vimo. Kwa hiyo 3D na kufuata neti vinazibiana mapengo, mi siachi hata kimoja.

Kuna na hili la kuunganisha via. Wengi tunageuza kundi la via mia ndogo ndogo kuwa nguzo moja nene ili simulesheni iwe nyepesi, na ni sawa, lakini ile nguzo mara nyingine inavuka mpaka inagusa jirani. Washa leya ya via peke yake kwenye 2.5D na uiangalie baada ya kuunganisha, sio kabla.

Bodi: KiCad na FreeCAD

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwonekano wa 3D wa KiCad, programu ya kuchora bodi, ni mzuri mno, unaona bodi kama imeshatengenezwa, rangi ya kijani, maandishi meupe, konekta zimekaa mahali pake, na uzuri huo ndo hatari yake. Umetengenezwa kukuonyesha bodi itakavyoonekana na kama kifaa kitaingia kwenye kasha, haujatengenezwa kukuonyesha mkondo utapita wapi. Shaba ya ndani huioni mpaka uzime mwili wa bodi, na unene wa shaba una mpangilio wake wa kuwasha. Kama unaikagua kwa ajili ya simulesheni zima kila kitu kisichopitisha umeme, bodi, rangi, maandishi, vifaa, ubaki na shaba na via peke yake zinaelea hewani. Hapo ndo inakuwa na maana.

Alafu kuna mtego wa faili ya STEP, ile fomati ya kusafirishia maumbo ya 3D. Kwa muda mrefu KiCad ilikuwa ikitoa STEP inaweka mwili wa bodi na vifaa, njia za shaba haziwekwi, matoleo ya karibuni ndo yameleta machaguo ya kuweka shaba na ni lazima uyachague. Mtu anaifungua STEP kwenye programu ya simulesheni anaona bodi safi, konekta ipo, anaendelea kuweka poti, kumbe hakuna hata njia moja ya shaba mle. Kwa hiyo ukishatoa STEP usiiamini kwa sababu kwenye KiCad ilikuwa sawa, ifungue FreeCAD.

FreeCAD, programu ya kuchora maumbo ya 3D, mi naitumia kwa vitu viwili tu. Kwanza ile ndege ya kukatia, unaikata modeli ubavuni kama unakata kitunguu ukaona pini ya katikati ya konekta inagusa njia ya shaba au imesimama juu yake kwa ufa mdogo. Pili ni kifaa cha kukagua jiometri, kinakuambia kama umbo linajikata lenyewe au halijafungwa vizuri, na maumbo ya namna hiyo ndo yanaifanya meshi igome kutengenezeka. Kwa konekta, waya za kuunganishia chipu, kasha la chuma, vitu ambavyo sio bapa kwa asili, FreeCAD inazipita KLayout na KiCad zote kwa mbali, na kwa metali bapa za leya kumi inazidiwa na zote, inakuwa nzito mpaka inachosha.

Kingine cha bodi ni kugeuzwa. Leya ya chini ikiangaliwa kutoka juu na ikiangaliwa kutoka chini ni vitu viwili tofauti, na saketi nyingi za masafa ya juu zina ulinganifu, kushoto kama kulia, kwa hiyo hata ikigeuzwa unaiona iko sawa. Weka herufi F ya shaba kwenye kona moja ya kila leya kabla ya kutoa faili. F haifanani na kivuli chake upande wowote, ukiizungusha 3D unajua papo hapo leya ipi imegeuka, alafu unazifuta kabla ya simulesheni yenyewe.

Na vipimo. Programu zote hizi zikifungua faili zinaijaza modeli kwenye dirisha, kwa hiyo antena ya milimita 30 na antena ya mita 30 zinaonekana sawa kabisa. Kosa la inchi na milimita, la mara 25.4, au la mil na milimita, la mara kama 39.4, jicho halilioni kamwe kwa umbo. Soma mhimili, soma boksi la nje la modeli lina urefu gani kwa namba. Mi hili ndo huwa la kwanza kabla hata sijazungusha chochote.

Dirisha la programu ya simulesheni yenyewe

Hapa ndo tunaanza kukaribia solva. Kwa openEMS kuna AppCSXCAD, inafungua faili ya XML ambayo ndo hiyohiyo solva itasoma. HFSS, CST na ADS, programu za simulesheni za kulipia, zote zina dirisha lao la ndani la 3D, na kwa kuwa modeli imejengwa humohumo pengo linapungua sana, tena nyingi zina ukaguzi wa kuonya vitu vinavyoingiliana.

AppCSXCAD sio nzuri kwa sura, sitakuficha, rangi zake za kawaida na kuizungusha kuna ugumu wake, ila inaonyesha vitu vitatu ambavyo KLayout na KiCad hazivijui: poti, mipaka ya eneo la kukokotoa, na mistari ya meshi. Poti ndo ya kuangalia kwa makini kuliko vyote. Boksi la poti lazima liguse shaba ya juu na liguse graundi, pande zote mbili, ukiona linaishia hewani au limeingia ndani mno ya njia ya shaba rekebisha. Mipaka nayo, kwa antena ya 2.4 GHz robo ya urefu wa wimbi ni kama milimita 31, ukiona ukuta wa eneo umeibana antena kwa milimita 5 jua mnururisho utakaopata sio wa antena yako peke yake. Meshi unaiangalia kwa kutafuta mistari miwili iliyobanana sana mahali pasipo na sababu, maana mistari hiyo miwili peke yake inaweza kuamua simulesheni nzima itachukua saa moja au siku tatu.

Lakini AppCSXCAD ina upungufu mmoja mkubwa: vitu viwili vikikaa sehemu moja inaonyesha vyote viwili. Ukiona uso unapepesa rangi ukiuzungusha, mara shaba mara dielektriki (kile kisichopitisha umeme), hiyo ni alama kwamba vitu viwili vinagombea uso mmoja. Nani anashinda? openEMS inaamua kwa namba ya kipaumbele, yenye kubwa ndo inabaki. Picha haikuambii. Unaweza kuona njia ya shaba nzuri kabisa pale na kwenye hesabu imeliwa yote na substreti, ile dielektriki inayobeba shaba, kwa sababu kipaumbele chake ni kidogo.

Meshi na PEC: ParaView na Gmsh

Ndo maana mi naipa ParaView, programu ya kutazama data za 3D, nafasi ya juu hata kama picha yake ni mbaya kuliko zote. openEMS ina chaguo la --debug-PEC, ukiliwasha inaandika faili ya vipande vyote vya kingo ambavyo solva inavihesabu kuwa metali kamili (ndo hiyo PEC), na kuna la --no-simulation linaloifanya iishie kwenye maandalizi bila kukokotoa. Ukiviweka vyote viwili unapata ile faili ndani ya muda mfupi, unaifungua ParaView, na unachokiona sasa hakina mchoro tena, ni metali kama solva inavyoiona. Hakuna uso laini, ni wavu wa vijiti. Mstari wa nyuzi 45 unakuwa ngazi. Njia nyembamba iliyokaa mshazari kwenye meshi pana inaweza kukatika vipande vipande, au via nyembamba iliyokaa katikati ya mistari miwili ikapotea kabisa. Hapa kuna dokezo pia kabla hujafungua ParaView: openEMS ikisema kwenye maandishi yake kwamba kuna umbo halijatumika, usipite, nenda kaangalie umbo lipi, mara nyingi ni shaba bapa ambayo haikupata mstari wa meshi kwenye kimo chake.

Kosa la koili yangu ile lingeonekana AppCSXCAD na ParaView, na KLayout pia kama skripti yake ingetumia mpangilio uleule wa leya. Lakini kuna makosa yanaonekana ParaView peke yake, na hayo ndo yanayokula siku nzima kwa sababu ukirudi kwenye mchoro kila kitu kiko sawa na unaanza kushuku fizikia.

Kwa solva za elementi, mfano Palace ya AWS, mwenzake ni Gmsh, programu ya kutengeneza meshi. Gmsh inakukatia modeli ubavuni ukaona vipande vya ndani, na ina takwimu za ubora wa elementi. Ila kitu cha kuangalia kwa macho ni rangi kwa makundi. Ukishaweka makundi ya kifizikia, Gmsh kwa kawaida inahifadhi kwenye faili elementi zilizomo kwenye makundi hayo tu. Uso wa poti ambao hukuuweka kwenye kundi lolote unauona kwenye skrini, umechorwa vizuri kabisa, alafu kwenye faili ya meshi haupo. Kwa hiyo hifadhi, funga, fungua ile faili ya meshi yenyewe sio faili ya jiometri, paka rangi kwa makundi, hesabu poti zako.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kama kazi yako ni chipu au kitu chochote kinachoanzia kwenye GDS, KLayout 2.5D pamoja na kufuata neti, haina mjadala, GDS3D uiongeze muundo ukiwa mkubwa. Kama ni bodi yenye konekta au kasha, FreeCAD kwenye STEP iliyotolewa, na KiCad iache kwa ajili ya vifaa na kimo. Kama unatumia programu ya kulipia na unajenga modeli humohumo, dirisha lake linatosha kwa mambo mengi, ongeza tu kuangalia meshi ya mwanzo. Kama ni openEMS, na hapa sibembelezi, usiishie AppCSXCAD, nenda mpaka kwenye PEC.

Ukiniambia nichague moja tu kwa kazi zote nitachagua ile ya meshi. Inachelewa, maana unaiona baada ya kujenga kila kitu, na ukipata kosa la leya huko unarudi mbali, ila ndo pekee ambayo ikikuonyesha njia imeungana basi kwenye hesabu imeungana.

Na simulesheni ikiwa ni ya dakika tano, kiukweli iendeshe tu kwa meshi pana alafu uangalie mikondo ya juu ya shaba inavyopita, hiyo nayo ni kukagua kwa macho na mara nyingi inasema zaidi ya picha yoyote tuli.

Kitu kimoja kuhusu faili za mpangilio wa leya, maana ndo zilinipotezea ule usiku: usiwe na mbili. Wengi wana skripti moja ya KLayout yenye vimo na nyingine ya solva yenye vimo, zimeandikwa siku tofauti, moja ikirekebishwa nyingine inabaki, sasa unakagua muundo mmoja na kukokotoa mwingine. Mi nimeweka jedwali moja la maandishi, leya, aina ya data, kimo, unene, na skripti ndogo ya Python inazalisha vyote viwili toka humo. Nikibadilisha hata unene wa oksaidi nazalisha upya, nafungua KLayout upande mmoja wa skrini na ParaView upande wa pili, nazigeuza zitazame upande mmoja, na kuhesabu via za katikati.